Pierre Gassendi: Padre Aliyezitetea Atomu Bila Kumwacha Mungu



Vijana wetu wa sekondari hufundishwa mapema kabisa katika somo la fizikia kwamba maada hupatikana katika hali tatu: yabisi, kimiminika na gesi. Hufundishwa pia kwamba tofauti ya hali hizo inatokana na jinsi chembe ndogo sana zinavyokaa na kutembea. Katika kitu yabisi, kama jiwe la altare, chembe zimeshikana na kila moja hutetemeka mahali pake. Katika kimiminika, kama maji ya baraka, chembe zinakaribiana lakini zinapishana, ndiyo maana maji hufuata umbo la chombo. Katika gesi zimeachana kabisa, zinaruka huku na huko na kugongana. Kwa sababu hiyo mwamini aliyeketi benchi la mwisho hupata harufu ya uvumba ingawa chetezo hakijamfikia.

Somo hilo linaonekana jepesi. Hata hivyo wapo vijana wanaotoka darasani na swali ambalo hawathubutu kumwuliza padre: kama kila kitu ni chembe zinazotembea, Mungu ana kazi gani? Na wapo watu wazima wanaodhani kwamba dawa ya swali hilo ni kumwambia kijana aache kuuliza. Leo tunasimulia maisha ya padre mmoja aliyekutana na swali hilo karibu miaka mia nne iliyopita, wakati ambapo kulijibu vibaya kungeweza kumponza mtu. Jina lake ni Pierre Gassendi.

Mtoto wa wakulima wa Provence

Gassendi alizaliwa tarehe 22 Januari 1592 katika kijiji cha Champtercier, karibu na mji wa Digne, eneo la Provence, kusini mashariki mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kawaida. Akili yake ilionekana mapema. Alisoma Digne na baadaye Aix, na alipokuwa kijana wa miaka kumi na sita hivi tayari alikuwa mwalimu wa ufasaha wa lugha mjini Digne. Mwaka 1614 alipata udaktari wa teolojia mjini Avignon, na mwaka huohuo akawekwa kuwa kanoni wa kanisa kuu la Digne. Alipadirishwa miaka michache baadaye, na mwaka 1617 akakabidhiwa kufundisha falsafa katika chuo kikuu cha Aix.

Waliomfahamu walimkumbuka kama mtu mpole, wa maisha ya kiasi, mwenye afya dhaifu ya mapafu na mwenye bidii kubwa ya kusoma. Alibaki padre wa Digne maisha yake yote, hata alipokuwa amejulikana Ulaya nzima.

Falsafa aliyotakiwa kufundisha ilikuwa ile ya Aristotle, kama ilivyopokelewa vyuoni kwa karne nyingi. Kwa mafundisho hayo, vitu vya hapa duniani vimetokana na asili nne: udongo, maji, hewa na moto. Kila kitu kina maada na umbo, na maji yanapochemka na kupotea angani, maana yake umbo la maji limeondoka na umbo la hewa limeingia. Tena, hakuna mahali popote patupu kabisa, kwa kuwa utupu hauwezekani.

Ndugu mafrateri mnaosoma falsafa mnajua jinsi Mtakatifu Thomas wa Akwino alivyoutumia msamiati huo kuieleza imani. Gassendi hakuudharau. Tatizo lake lilikuwa kwamba walimu wengi wa wakati wake walikuwa wakirudia maneno ya Aristotle bila kuangalia tena vitu vyenyewe. Ukiwauliza kwa nini barafu ni ngumu na maji ni laini, walikujibu kwamba barafu ina sifa ya ugumu na maji yana sifa ya ulaini. Kwake yeye, jibu la namna hiyo lilikuwa swali lilelile lililovishwa joho.

Mwaka wa hatari

Mwaka 1624 Gassendi alichapisha mjini Grenoble kitabu cha kuwakosoa wafuasi wa Aristotle. Kilikuwa sehemu ya kwanza ya kazi kubwa aliyokusudia kuiendeleza. Mwaka huohuo, mjini Paris, watu watatu, Jean Bitaud, Antoine Villon na Étienne de Clave, walitangaza mdahalo wa hadhara wa kuzipinga hoja za Aristotle, na miongoni mwa hoja zao ilikuwamo ile ya atomu. Mdahalo ulizuiwa. Kitivo cha teolojia kilizilaani hoja hizo, na mahakama kuu ya Paris ikaamuru karatasi zao zichanwe, wenyewe wafukuzwe mjini, na mtu yeyote asifundishe kinyume cha waandishi wa kale waliokubalika, adhabu yake ikiwa kifo.

Gassendi aliisitisha kazi yake. Sehemu ya pili ya kitabu hicho haikutoka hadi alipokuwa amekwisha kufa. Wengine wanaweza kuuita huo woga. Tukiyatazama maisha yake yote, tunaona kwamba alibadili njia tu. Aliacha kubomoa akaanza kujenga, na ujenzi huo ulimchukua zaidi ya miaka ishirini.

Macho yanayotazama

Katika miaka hiyo alijifunza kutazama. Alikuwa na marafiki wawili wakubwa: Peiresc, mwanasheria msomi wa Aix, na Padre Marin Mersenne, mtawa wa shirika la Waminimi, ambaye chumba chake mjini Paris kilikuwa kama kituo cha posta cha wanasayansi wa Ulaya. Aliandikiana barua na Galileo pia.

Tarehe 7 Novemba 1631, akiwa Paris, Gassendi alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Mnajimu Kepler, aliyefariki mwaka uliotangulia, alikuwa amepiga hesabu kwamba sayari ya Utaridi itapita mbele ya jua. Gassendi alitumia darubini kutupa taswira ya jua juu ya karatasi katika chumba chenye giza, akasubiri. Kikatokea kidoa cheusi kidogo mno, kidogo kuliko alivyotarajia, hata mwanzoni akadhani ni doa la jua lenyewe. Alipoona kinakwenda kwa kasi, akatambua kwamba ndiyo sayari yenyewe.

Mwaka 1640, karibu na Marseille, alifanya jaribio jingine mbele ya watu. Katika merikebu ya makasia iliyokuwa ikienda kwa kasi, jiwe liliangushwa kutoka juu ya mlingoti. Wengi walitegemea kwamba jiwe litaanguka nyuma, kwa kuwa merikebu imekwisha kusogea. Liliangukia chini ya mlingoti, kana kwamba merikebu imesimama. Hivyo Gassendi alionyesha kwamba kitu kilichokwisha kupewa mwendo huendelea nao, hata kama hakuna mkono unaokisukuma. Wazo hilo lilimsaidia baadaye alipofikiri juu ya mwendo wa chembe.

Atomu na mpagani aliyechukiwa

Wazo la atomu lilikuwa la kale. Wayunani Democritus na Epicurus walifundisha, kabla ya Kristo, kwamba vitu vyote vimefanyizwa kwa chembe zisizogawanyika zinazotembea katika utupu. Lakini Epicurus, aliyefariki mwaka 270 kabla ya Kristo, aliongeza mengine. Alisema atomu ni za milele na hazina idadi, hazikuumbwa na yeyote. Alisema ulimwengu ulitokea kwa bahati, atomu zilipogongana. Alisema miungu haijishughulishi na wanadamu, na kwamba roho ya mtu nayo ni atomu, hivyo hutawanyika mtu anapokufa. Kwa sababu hizo Wakristo wengi walimkataa moja kwa moja, na jina lake likawa kama tusi kwa mlafi na mtu asiye na dini.

Gassendi aliamua kumsoma tena mtu huyo aliyechukiwa. Mwaka 1647 alitoa kitabu juu ya maisha na mwenendo wa Epicurus, akaonyesha kwamba hakuwa mlafi bali aliishi kwa chakula cha kawaida sana. Mwaka 1649 alitoa kazi kubwa ya kufafanua mafundisho yake. Kazi yake kuu, inayoitwa Syntagma Philosophicum, ilichapishwa mwaka 1658, miaka mitatu baada ya kifo chake.

Hapa ndipo tunaona upadre wake. Gassendi aliyapepeta mafundisho ya Epicurus kama mama anavyopepeta mchele kwenye ungo. Alikubali kwamba vitu vyote vya mwili vimefanyizwa kwa atomu, zenye ukubwa, umbo na uzito, zinazotembea katika utupu. Alikataa kwamba ni za milele: Mungu aliziumba kutoka si kitu. Alikataa kwamba hazina idadi: Muumba aliziumba kwa idadi aliyoitaka. Alikataa kwamba mwendo wao ni wa kwao wenyewe tangu milele: nguvu ya kutembea Mungu ndiye aliyeziwekea alipoziumba. Alikataa bahati kuwa bwana wa ulimwengu: kuna maongozi ya Mungu. Na alikataa kwamba roho yenye akili ni atomu: hiyo haina mwili, wala haifi.

Alifanya kwa Epicurus jambo linalofanana na lile Mtakatifu Thomas alilofanya kwa Aristotle, ambaye naye alikuwa mpagani aliyefundisha kwamba ulimwengu ni wa milele.

Barafu, maji na mvuke

Kwa mtazamo huo Gassendi aliweza kueleza hali za vitu bila kutaja sifa zilizofichika. Kitu ni kigumu kwa sababu atomu zake zimekazana na kushikana, na nafasi tupu kati yao ni ndogo. Kitu ni kimiminika kwa sababu atomu zake haziungani kwa nguvu, kwa hiyo zinateleza moja juu ya nyingine kama punje za nafaka zinazomiminwa. Hewa ni nyepesi na hubanika kwa sababu nafasi tupu kati ya chembe zake ni nyingi. Alisema pia kwamba atomu huungana kwanza katika vikundi vidogo, na vikundi hivyo ndivyo vinavyojenga vitu tunavyoviona. Kwa vikundi hivyo alitumia neno la Kilatini ambalo leo tunalitamka molekuli.

Alitafuta ushahidi wa nafasi tupu mahali ambapo mpishi yeyote angeweza kuutafuta. Ukiweka chumvi ndani ya maji mpaka yasiweze kuyeyusha zaidi, maji hayohayo bado yanaweza kuyeyusha shabu. Gassendi aliona hapo dalili kwamba ndani ya maji kuna nafasi za maumbo mbalimbali: zile za chumvi zimejaa, lakini zile za shabu zingali wazi.

Ushahidi mwingine ulitoka Italia. Mwaka 1644 Evangelista Torricelli alieleza jaribio la kujaza zebaki katika bomba la kioo na kulipindua juu ya bakuli lenye zebaki. Zebaki ilishuka mpaka kimo cha sentimita 76 hivi, na juu yake ikabaki nafasi isiyo na hewa. Mwezi Septemba 1648 Florin Périer, shemeji yake Blaise Pascal, alipanda na bomba la namna hiyo juu ya mlima Puy de Dôme, na zebaki ikashuka zaidi kuliko chini ya mlima. Ilionekana wazi kwamba hewa ina uzito na kwamba utupu hauchukizi maumbile. Gassendi, ambaye tangu mwaka 1645 alikuwa profesa wa hisabati katika Chuo cha Kifalme mjini Paris, alilipokea jambo hilo kwa furaha. Ugonjwa wa mapafu ulipomrudisha kusini, yeye na wenzake walilirudia jaribio hilo kwenye kilima karibu na Toulon.

Alipokosea

Tusimfanye mtu huyu kuwa mkubwa kuliko alivyokuwa. Alidhani atomu za vitu vigumu hushikana kwa ndoano ndogo. Alidhani pia kwamba kuna atomu maalumu za joto na nyingine za baridi. Leo tunajua kwamba joto ni mwendo wa chembe zenyewe: ukiipasha barafu joto, chembe zake hutetemeka zaidi mpaka zinaachia nafasi zao, na hapo barafu inakuwa maji. Ukizidisha moto, zinaachana kabisa, na maji yanakuwa mvuke. Chembe ni zilezile mwanzo hadi mwisho.

Hata katika teolojia hakuepuka matatizo. Alifundisha kwamba mtu ana nafsi ya hisia iliyofanyizwa kwa atomu nyembamba sana, na juu yake ana roho ya akili iliyoumbwa na Mungu. Mafrateri watakumbuka kwamba Mtaguso wa Vienne, mwaka 1312, ulifundisha kwamba roho yenye akili ndiyo yenyewe umbo la mwili. Kumgawanya mtu sehemu mbili ni vigumu kupatana na mafundisho hayo.

Kifo na waliomfuata

Gassendi alirudi Paris mwaka 1653 akiwa amedhoofika. Madaktari wa wakati ule walitibu kwa kutoa damu, naye alitolewa damu mara nyingi kuliko mwili wake ulivyoweza kustahimili. Alifariki tarehe 24 Oktoba 1655, akiwa na miaka 63, akazikwa katika kanisa la Saint-Nicolas-des-Champs.

Mwanafunzi wake François Bernier, daktari aliyewahi kuishi India miaka mingi, alifupisha kazi yake kwa Kifaransa. Nchini Uingereza, Walter Charleton aliyaeneza mawazo yake kwa Kiingereza, na Robert Boyle aliyasoma. Mwaka 1827 Robert Brown aliona chini ya hadubini vijipunje vilivyotoka kwenye chavua vikichezacheza ndani ya maji bila kutulia. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwa hesabu kwamba vinasukumwa na chembe za maji zisizoonekana, na Jean Perrin akathibitisha kwa vipimo. Perrin alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1926. Atomu zilikuwa zimeonekana kuwa kweli, karibu miaka 300 baada ya padre wa Digne kuzitetea.

Swali la altareni

Limebaki swali moja ambalo lilikuwa chanzo kikubwa cha hofu ya wanateolojia wa zamani zile. Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulifundisha kwamba katika Ekaristi dhati yote ya mkate hugeuzwa kuwa Mwili wa Kristo, na dhati yote ya divai kuwa Damu yake, huku maumbo ya mkate na divai yakibaki. Wengi waliuliza: kama rangi na ladha ni mpangilio wa atomu tu, maumbo yanabakije wakati mkate haupo tena?

Tukiifuata fizikia yenyewe tunaona mpaka wake. Barafu inapokuwa maji, sura hubadilika lakini kitu ni kilekile. Katika Misa Takatifu mambo ni kinyume: sura ni ileile, lakini kilichopo ni kingine. Geuzo hilo haliko katika orodha ya kuganda, kuyeyuka na kuchemka, wala si la kikemia. Mizani na hadubini hupima maumbo, nayo yamebaki. Imani hupokea neno la Bwana kuhusu kilichopo. Anayetafuta Mwili wa Kristo kwa hadubini amekosea chombo, na anayeikataa hadubini ili kuilinda Ekaristi anailinda dhidi ya adui asiyekuwapo.

Tunaamini ndiyo sababu maisha ya Gassendi yanatuhusu. Aliadhimisha Misa, na alizichunguza atomu. Alijua kwamba wazo la kweli linaweza kukutwa mikononi mwa mtu asiyemjua Mungu, na kwamba kazi ya Mkristo ni kulichukua, kulipepeta na kulirudisha kwa Mwenyewe. Jambo hilo linahitaji muda. Linahitaji pia mtu anayezijua pande zote mbili, kwa kuwa huwezi kupepeta usichokielewa.

Ndugu frateri, huenda siku moja kijana wa parokia yako atakuja na kitabu chake cha fizikia na lile swali lake. Usimfukuze, wala usimjibu kwa haraka. Chembe zina mwendo wao na kanuni zake, nazo zinastahili kusomwa kwa bidii. Mwalimu wa fizikia atamweleza jinsi zinavyotembea. Wewe utamweleza kwa nini zipo badala ya kutokuwapo, na kwa nini zinatii kanuni ambayo akili ya mwanadamu inaweza kuielewa. Kijana anayahitaji majibu yote mawili, na asipoyapata kwetu atadhani lazima aache moja.

Mwenyezi Mungu, aliyeviumba vyote vinavyoonekana na visivyoonekana, atujalie mapadre wenye uvumilivu kama huo. Amina.